Jinsi ya kuanzisha uzamivu wa sayansi ya kompyuta kwenye kampasi ya mkoani

Kila msimu wa kuandaa bajeti maswali ni yale yale. Tuanze na mtaala au na jengo? Wanatosha maprofesa wangapi? Tukinunua seva kwanza, TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) watatupitisha haraka? Kampasi kuu wana PhD ya kompyuta tayari, kwa nini tusiilete huku tu?

Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe. Umeandikwa kwa mkuu wa idara au mratibu aliyekabidhiwa jukumu hili kwenye kampasi iliyo mbali na makao makuu ya chuo hapa Tanzania: Rukwa kwa MUST (Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya), Njombe kwa UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma), Lindi au Kagera kwa UDSM (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), au kampasi nyingine yenye hali kama hizo. Kwa Kenya na Uganda tume na fomu ni tofauti, lakini hatua ya 1, 3, 6 na 8 hazibadiliki sana.

Shika jambo moja kabla ya mengine yote: uzamivu ni saa za wasimamizi. Mtaala unaandikika kwa wiki chache na seva inanunulika. Msimamizi mwenye muda wa kusoma sura ya pili ya tasnifu kwa mara ya nne haagizwi kwa zabuni. Kampasi inayoanzia kwenye majengo hugundua jambo hilo baada ya wanafunzi kuripoti, na wanaoumia ni wao.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Wahadhiri wasiopungua watatu wenye PhD ya kompyuta au fani ya karibu kabisa, wanaoishi mji ilipo kampasi. Anayekuja na basi mara moja kwa mwezi usimhesabu hapa.
- Kanuni za shahada za juu za chuo chenu, toleo linalotumika sasa, pamoja na miongozo ya TCU ya viwango vya programu.
- Ikama ya idara ya mwaka huu na orodha ya walioko masomoni, na tarehe wanazotarajiwa kurudi.
- Barua ya uongozi wa kampasi inayokubali kupunguza vipindi vya shahada ya kwanza kwa watakaosimamia. Ahadi ya mdomo haisaidii, viongozi hubadilika.
- Chumba kimoja cha wanafunzi watano hadi sita chenye meza za kudumu, na chumba kidogo cha mashine kinachofungwa.
- Miezi 18 hadi 24. Mkiambiwa mfungue Oktoba ijayo, mwambieni aliyewaagiza mapema kwamba haiwezekani.

Hatua ya 1: Pigeni hesabu ya wasimamizi

Chukua karatasi na uandike jina la kila mwenye PhD. Mbele ya jina weka vipindi anavyofundisha kwa wiki, idadi ya miradi ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho anayoisimamia, vyeo vya utawala alivyonavyo, na umri wake kuhusiana na kustaafu. Kisha weka saa za uzamivu. Mwanafunzi mmoja anahitaji kikao cha saa moja kila wiki, na takriban saa tatu za msimamizi kusoma maandishi, kupitia matokeo na kuangalia kodi (msimbo wa programu za kompyuta). Hizo ni saa nne. Wanafunzi wanne ni saa 16 kwa wiki, sawa na siku mbili nzima za kazi.

Sasa mtazame mhadhiri mwenye vipindi 14 na darasa la mwaka wa kwanza la watu 200 wanaosubiri majaribio yao yasahihishwe. Siku hizo mbili hana. Ndiyo maana hesabu hii inatangulia: inakwambia mapema kama mna nafasi ya wanafunzi watatu, watano, au hakuna kabisa.

Kwa kampasi inayoanza, wawili kwa kila msimamizi mkuu wanatosha. Msimamizi wa pili anaweza kutoka kampasi kuu, Chuo cha Nelson Mandela Arusha, au nje ya nchi, ila mkubaliane kwa maandishi: atasoma nini, ndani ya siku ngapi, na jina lake litakaa wapi kwenye machapisho.

*Angalizo.* Kosa linaloonekana sana ni kuorodhesha wenye PhD wa fani za mbali ili idadi itoshe. Mwenye PhD ya usimamizi wa biashara aliyeandika kuhusu matumizi ya TEHAMA ni mtaalamu wa kuheshimika, lakini hawezi kumwongoza mwanafunzi anayethibitisha usahihi wa algoriti. Watathmini husoma wasifu wa kila jina. Hata wasipogundua wao, mwanafunzi atagundua.

Hatua ya 2: Chagueni njia

Njia ziko mbili. Ya kwanza ni kujishikiza kwenye PhD iliyopo kampasi kuu: mwanafunzi anasajiliwa kwenye programu ile, anakaa kwenu, msimamizi mmoja yuko kwenu na mwingine kule. Ya pili ni kuandaa programu mpya ya kampasi yenu.

Kama mna wenye PhD chini ya watano, shikeni njia ya kwanza mpaka mtakapohitimisha wanafunzi wawili au watatu. Mtakapoandika andiko la programu yenu mtakuwa na ushahidi wa usimamizi uliofika mwisho, na hakuna kiambatisho kinachouzidi. Msione haya kuitwa tawi. Aibu ni kuwa na programu yenye jina na isiyo na mhitimu kwa miaka minane.

Msidhani lakini kwamba programu iliyoidhinishwa kampasi kuu inasafiri yenyewe. Ulizeni kwa maandishi Kurugenzi ya Shahada za Juu na, kupitia kwao, TCU: kampasi yetu inaruhusiwa kupokea wanafunzi wa programu hii? Kinachoangaliwa ni watu na vifaa vilivyopo mahali mwanafunzi atakapokaa. Majibu yaingie kwenye faili.

Hatua ya 3: Chagueni maeneo mawili ya utafiti, si saba

Orodha ya "akili unde, usalama wa mitandao, data kubwa, blockchain, intaneti ya vitu, roboti na mifumo ya habari" inaonyesha kwamba hamjaamua. Wasimamizi watatu wanabeba maeneo mawili.

Eneo moja litoke kwenye uwezo wa watu mlionao. La pili litoke mahali mlipo, kwa sababu hapo ndipo kampasi ya mkoani inapoizidi Dar es Salaam. Lindi na Mtwara kuna korosho, Kagera kuna migomba na kahawa, Rukwa kuna mahindi na maziwa mawili makubwa. Utambuzi wa magonjwa ya mimea kwa picha una njia iliyokwisha kupitiwa: programu ya simu ya PlantVillage Nuru inatambua magonjwa ya muhogo bila intaneti, na inazungumza Kiswahili. Mwanafunzi aliye saa moja kutoka shambani anaweza kurudi kupiga picha upya wiki inayofuata. Aliye mbali hawezi.

Lugha nazo zimejaa kazi. Kiswahili kina data ya wazi ya sauti kwenye Common Voice ya Mozilla, na data ya kutambua majina kwenye matini, MasakhaNER, iliyoandaliwa na watafiti wa Masakhane, mtandao unaoshughulikia teknolojia ya lugha za Afrika. Kihaya, Kifipa na Kimakonde havina hata robo ya hayo, na wazungumzaji wako nje ya geti.

Eneo lisilo na msimamizi aliyechapisha ndani yake kwa miaka mitano iliyopita lifuteni, hata kama linavuma.

Hatua ya 4: Tathmini ya mahitaji

Ni sharti, basi ifanyike vizuri lakini isiwachukue mwaka. Watu wa kuhoji ni wakuu wa idara za kompyuta wa vyuo jirani, waajiri wachache wenye kitengo cha utafiti, na wenye uzamili ambao wangeomba kweli. Hawa wa mwisho waulizwe swali moja zaidi ya mengine: ada utalipa wewe, mwajiri, au nani? Dodoso la watu 300 wanaosema "ndiyo, programu inahitajika" halina uzito mbele ya majina 12 ya wahadhiri wasaidizi ambao waajiri wao wameandika kuwa watawalipia.

Hatua ya 5: Mtaala

Mfumo wa tuzo wa TCU unaiweka PhD ngazi ya 10, na krediti moja ni saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Anzia kwenye saa: mwanafunzi wa kutwa atafanya nini wiki hadi wiki? Kisha geuza kuwa krediti. Anayeanzia kwenye krediti huishia na kozi zenye majina mazuri na saa zisizowezekana.

Kama kanuni za chuo zinaruhusu kozi pamoja na tasnifu, wekeni kozi tatu au nne tu, zote mwaka wa kwanza: mbinu za utafiti wa kompyuta (pamoja na takwimu za majaribio), hisabati ya msingi ya eneo lenu, algoriti za ngazi ya juu, na uandishi wa kitaaluma. Waombaji wengi wanatoka kwenye uzamili wa TEHAMA wenye usimamizi mwingi na hisabati chache. Pengo likiachwa hapa, litajitokeza kwenye sura ya matokeo. Kama chuo kina PhD ya tasnifu pekee, kozi hizo zifanyeni za kujazia, na mwanafunzi azifaulu kabla ya kutetea pendekezo. Msiongeze ya tano. Kila kozi inakula saa za wale wale watatu wa hatua ya 1.

Andikeni pia masharti ya kuhitimu kwa namna inayopimika. "Machapisho mawili kwenye majarida yanayotambulika" inazaa ugomvi. Taja kigezo cha jarida au mkutano, taja kama "imekubaliwa" inatosha au lazima iwe imetoka, na taja nafasi ya mwanafunzi kwenye orodha ya waandishi.

Hatua ya 6: Mashine, umeme na intaneti

Hapa fedha hupotea kuliko sehemu nyingine yoyote.

Anza na kazi, ndipo uje kwenye kadi ya GPU, yaani kadi ya michoro inayofanya hesabu za modeli. Modeli ya lugha yenye parameta (namba ambazo modeli hujifunza) bilioni 7 katika biti 16 inachukua gigabaiti 14 za kumbukumbu kwa kuiendesha tu. Kuifundisha yote kwa njia ya kawaida kunahitaji takriban baiti 16 kwa kila parameta, yaani gigabaiti 112 kabla ya kuhesabu data inayopita. Kadi ya GPU ya gigabaiti 24 haiwezi, na mwanafunzi aliyeahidiwa hivyo atapoteza miezi. Kadi hiyo hiyo inatosha kurekebisha sehemu ndogo ya modeli kwa mbinu kama LoRA, na inatosha kabisa kwa kazi nyingi za picha za mimea. Kwa wanafunzi watano, seva moja ya kadi nne ni mwanzo mzuri.

Sasa umeme. Kadi nne za wati 350 ni wati 1,400. Ongeza prosesa, feni na diski, hesabu kilowati 2. Ikifanya kazi mwezi mzima usiku na mchana, inakula uniti 1,440. Zidisha kwa bei mnayolipa, na kiasi hicho kiingie kwenye bajeti ya kampasi kwa jina lake, kisifichwe kwenye "matumizi mengineyo".

Joto lake ni kama BTU 6,800 kwa saa. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinatosha, lakini nunueni viwili vipokezane. Kiyoyozi cha ofisi hakikutengenezwa kukimbia saa 24. UPS ya kVA 3 inawapa dakika chache za kuzima kwa usalama, haiwapi usiku wa kazi. Wekeni na kidhibiti volti, kwa sababu mashine nyingi zinaungua umeme unaporudi, si unapokatika. Kila mwanafunzi afundishwe wiki ya kwanza kuhifadhi hali ya mafunzo ya modeli kila nusu saa.

Intaneti ina hesabu yake. Data ya gigabaiti 100 kwenye laini ya megabiti 20 kwa sekunde ni kama saa 11, laini ikiwa yako peke yako, na haiwi. Wekeni kwenye kampasi diski za terabaiti 16 zenye nakala za vifurushi vya Python, Ubuntu, modeli na data zinazotumika sana. Vipakuliwe mara moja, usiku. Data kubwa kuliko hapo iagizwe kwenye diski ya mkononi kutoka kampasi kuu. Zungumzeni pia na TERNET, mtandao wa elimu na utafiti wa nchi, kabla ya kusaini mkataba wa kibiashara.

Foleni ya kazi iendeshwe na Slurm, programu ya kupanga zamu za kutumia seva, tangu siku ya kwanza. Mkisema "tutaelewana wenyewe", mwenye sauti kubwa atashika kadi zote nne. Na awepo fundi mmoja mwenye jina, mwenye saa kwenye ratiba yake, wa kuihudumia.

*Angalizo la manunuzi.* Kwa chuo cha umma ununuzi unapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi mtandaoni, na mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Maelezo ya kiufundi yakiandikwa "seva ya kisasa yenye GPU", mtaletewa kitu chenye GPU na kisichofaa. Andikeni kumbukumbu ya kila kadi, idadi ya kadi, wati za pawasaplai, na muda wa dhamana pamoja na mahali itakapotekelezwa.

Hatua ya 7: Vikao na TCU

Mpangilio wa kawaida ni idara, bodi ya skuli au ndaki, kamati ya shahada za juu, Seneti, kisha maombi TCU kupitia mfumo wao wa mtandaoni, pamoja na ada ya tathmini. Pateni kalenda ya vikao ya mwaka mzima mapema. Andiko likikosa Seneti moja kwa siku mbili, mmepoteza miezi mitatu au zaidi.

Kabla ya idara kulipitisha, mpeni mtu mmoja wa chuo kingine alisome kwa ukali, na mlipeni. Maoni ya TCU yakija, jibuni kwa jedwali: hoja, tulichofanya, ukurasa. Hoja moja isijibiwe kwa "imezingatiwa".

Hatua ya 8: Fedha za mwanafunzi

Ada si gharama yote. Kwa kila mwanafunzi wekeni kompyuta, safari za kukusanya data, mkutano mmoja wa nje, gharama za kuchapisha, na posho ya kujikimu kama hana mwajiri. Tangu Januari 2026 maktaba ya kidijitali ya ACM, chama cha kimataifa cha wanakompyuta, ni wazi kwa wasomaji wote. Hiyo ni nafuu kubwa kwa kampasi isiyo na maktaba, lakini mzigo umehamia kwa anayechapisha, kwa hiyo ulizeni msamaha wa ada kabla ya kupeleka makala. Majarida mengine mtayafikia kupitia Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, ambako sehemu ya ARDI ndiyo yenye mambo ya teknolojia.

Kwa ufadhili, fuatilieni COSTECH (Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia), DAAD (shirika la Ujerumani la ufadhili wa masomo) na RSIF, mfuko wa ufadhili wa uzamivu wa mpango wa Afrika wa PASET. HEET, mradi wa elimu ya juu wa serikali unaogharimiwa na Benki ya Dunia, nayo imesomesha wahadhiri wengi, lakini ni mradi wenye mwisho, basi mishahara na matengenezo msivijenge juu yake.

Hatua ya 9: Kudahili kundi la kwanza

Wanafunzi watatu hadi watano. Mwombaji asiye na msimamizi aliyekubali kwa maandishi asipokelewe, hata awe na GPA ya 5.

Usaili wa maneno peke yake hauonyeshi kitu. Mpe mwombaji kazi ya wiki mbili: achukue sehemu ya Kiswahili ya MasakhaNER, afundishe modeli ndogo, alete kodi inayoendeshwa kwenye mashine yenu, alama ya F1 (kipimo cha usahihi wa modeli), na kurasa mbili kuhusu makosa ya modeli. Usishughulike sana na ukubwa wa alama. Soma kurasa mbili. Atakayeandika kwamba modeli inachanganya jina la mtu na la mahali kwenye sentensi za aina fulani, akatoa mifano na kukisia sababu, huyo tayari anatafiti. Atakayeleta asilimia tupu, jadilianeni naye tena mwakani.

Hatua ya 10: Ratiba ya miaka mitatu

Mwezi wa 6: mapitio ya machapisho yaliyoandikwa, na kozi nyingi zimekwisha. Mwezi wa 10 hadi 12: utetezi wa pendekezo. Mwezi wa 18: makala ya kwanza imepelekwa. Mwezi wa 26: ya pili. Mwezi wa 30: rasimu kamili. Mwezi wa 33: taarifa ya kusudio la kuwasilisha na majina ya watahini wa nje. Mwezi wa 36: tasnifu.

Vibali vianze siku pendekezo linapopita. Barua ya chuo inaenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha wilaya na halmashauri. Data za afya zinahitaji kibali cha maadili, kitaifa kupitia NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu). Sauti, picha na majina ya watu yanagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Fomu ya ridhaa iseme wazi kama data itawekwa hadharani, maana baadaye hutaweza kuwapata watu wale uwaombe upya.

Mambo yakikwama

*Msimamizi amehama au amepata uteuzi.* Msimamizi wa pili anashika usukani wiki hiyo hiyo, na anayeondoka anabaki kama wa pili kwa maandishi. Ndiyo sababu hakuna mwanafunzi wa kuwa na msimamizi mmoja.

*Mwanafunzi kapotea miezi miwili.* Mara nyingi ni mwajiri aliyemrudisha kazini au ada iliyokwama, si uvivu. Mpigie simu kwanza, barua ya onyo baadaye. Kama lazima asimame, asimamishe masomo rasmi ili muda usimle.

*Pendekezo linakataliwa mara ya pili.* Angalia swali la utafiti. Likiwa "kubuni na kutengeneza mfumo wa…", huo ni mradi wa shahada ya kwanza uliorefushwa. Muulize: mfumo ukikamilika, tutajua nini ambacho leo hatukijui?

*Seva ipo lakini hakuna anayeitumia.* Angalia foleni ya Slurm. Ikiwa tupu, wanafunzi wanaogopa mstari wa amri. Fanyeni mafunzo ya siku mbili. Ikiwa imejaa kazi zisizosonga, tatizo huwa ni diski iliyojaa au toleo la CUDA (programu inayowezesha hesabu kwenye GPU) lisiloendana na dereva wa kadi.

*Makala imekubaliwa ndani ya siku nne na ankara imekuja.* Msilipe. Andikeni barua ya kuiondoa, na kuanzia hapo kila jarida lipitishwe na msimamizi kabla ya kupelekewa kitu.

*Mtahini wa nje hajibu.* Tumeni kumbusho wiki ya 6, la pili wiki ya 8, na wiki ya 10 mwende kwa mtahini wa akiba. Kanuni zikiruhusu, majina ya watahini yaidhinishwe matatu kwa mpigo, ili Seneti isisubiriwe tena kwa ajili ya jina moja.